Nyayo Nilizoweka Kwenye Faili

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuamua ni nani yuko hatarini na ni nani hayuko. Usicheke. Kuna mtu aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo, na mtu huyo ni mimi, mwanamke wa Tawa, mama wa watoto wawili, mwenye meza, mhuri na kiti kinacholia, katika ofisi ya vyumba vitatu nyuma ya maduka ya Migwani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mvua ilipotukatalia msimu baada ya msimu. Shirika letu liligawa mahindi, maharagwe na mafuta katika vituo vilivyoelekea mashariki, kule ambako nyumba zinapungua na vichaka vya miiba vinaongezeka. Huko kulikuwa na wezi wenye bunduki. Hawakuchagua mtu. Mkamba walimwibia ng'ombe, na mfanyabiashara Mwislamu aliyekuja na mbuzi kutoka upande wa Garissa wakamwibia vilevile. Ndiyo maana mtunza stoo aliyelala katika kituo kilichokuwa kwenye orodha ya mahali pa hatari alipewa marupurupu ya hatari kwa kila usiku, na lori la kituo chake likasindikizwa na askari wawili. Kituo kikitoka kwenye orodha, marupurupu yanatoka na askari nao wanatoka.

Orodha hiyo niliishika mimi. Sheria yake ilitoka Nairobi: kituo kiingie kwenye orodha ya mwezi ujao ikiwa tu mwezi huu kumekuwa na tukio lenye namba ya OB, yaani lililoandikwa na polisi kwenye kitabu chao cha matukio. Hakuna namba, hakuna hatari. Sisi wa ofisini tulikuwa na sheria yetu mbali: tukilala upande wa mashariki hata usiku mmoja, tunalipwa bila kuulizwa namba yoyote. Eti hatujazoea. Sheria hiyo ya pili haikunihusu, maana sikuwahi kulala kule na sikuwa na nia. Mimi ni mwoga, nasema wazi. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa hata mbwa wa jirani yangu aliyezeeka mpaka akaishiwa meno.

Ile ya kwanza niliipenda. Kabla ya kazi hii nilikuwa keshia kwenye kituo cha petroli Mtito Andei, na madereva wa malori walinidanganya kuanzia asubuhi mpaka jioni. Huyu kaibiwa pochi, yule mke wake anajifungua, mwingine atalipa akirudi kutoka Mombasa. Niliwahi kukatwa mshahara kwa ajili ya huruma. Tangu hapo niliacha kuamini mdomo, nikaamini karatasi. Kwa hiyo watunza stoo waliponiletea hadithi zao bila namba, mimi nilijisemea, wacha wee, hawa wanatia chumvi wapate hela.

Kituo cha mbali kabisa tulikiita Kituo cha Mwisho. Mtunza stoo wake alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, shemasi wa kanisa, mrefu, mtaratibu, aliyevaa gambuti, viatu virefu vya mpira vya shirika, hata jua likiwaka. Siku ya kwanza alipokuja ofisini na kusikia jina langu, alivua kofia. Jina hilo lilikuwa la mama yake mzazi. Kwetu Ukambani mtu akibeba jina la mama yako, huwezi kumwita ovyo. Akaanza kuniita mwaitu, yaani mama yangu, mzee mwenye mvi akimwita hivyo mwanamke mdogo kwake kwa miaka ishirini na zaidi. Na mimi kwa utani nikamwita mwanangu. "Mwanangu, umekula?" nikimwuliza, naye akijibu kwa adabu kabisa, "Nimekula, mwaitu." Wenzangu walikuwa wakiangua kicheko.

Mwaka ule Kituo cha Mwisho kilikaa miezi miwili bila namba. Nikakitoa kwenye orodha. Mzee hakulalamika. Alichofanya ni kuanza kuniletea michoro.

Kila jioni, kabla jua halijazama, alikata tawi la miiba akalikokota kwenye njia yote inayozunguka stoo, mpaka mchanga ukawa laini. Asubuhi alitoka kusoma ni nani aliyepita. Akikuta unyayo asioujua, aliweka karatasi juu yake, akaufuata kwa kalamu ya risasi, ukubwa uleule, kisha akaituma kwangu kwa dereva wa lori. Nilipokea ya kwanza nikacheka. Akala, zile kandambili za matairi ya gari, mguu mkubwa wa mwanamume, na kwenye kisigino cha kushoto pengo la ukubwa wa kidole gumba. Chini yake kaandika kwa mwandiko wa shule ya zamani: "Huyu si wa hapa. Amepita mara mbili."

Ya pili ikaja, pengo lilelile. "Amekuja na wenzake watatu." Ya tatu: "Mwaitu, wamesimama karibu na mlango."

Nilizitoboa na kuziweka kwenye faili. Halafu, siku moja joto likiwa limenichosha na bosi wetu akiwa ametoka kunifokea kwa jambo jingine, nilichukua karatasi nikaandika hivi, nakumbuka kila neno: "Michoro si tukio. Leta namba ya OB kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo kituo kitabaki nje ya orodha." Nikapiga mhuri, nikampa dereva. Niliona nimefanya kazi safi.

Kituo cha polisi kilichokuwa karibu naye kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa baiskeli, njia ya vichaka vitupu, na katikati mto mkavu wenye mchanga mwingi ambao lazima ushuke usukume. Nilikuwa naijua ramani hiyo. Ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa changu.

Kila asubuhi saa mbili tulizungumza na vituo kwa redio. Jumatano ile, siku ya mwisho ya mwezi, aliyejibu kutoka Kituo cha Mwisho hakuwa mzee, alikuwa mlinzi wake.

"Mzee hayuko. Ametoka jana saa kumi na mbili asubuhi na baiskeli. Ameenda kutafuta ile namba inayotakiwa na ofisi. Alisema atarudi jioni. Hajarudi. Ova."

Bosi, ambaye alikuwa mtu wa haki lakini mwenye sauti kubwa, akageuka akauliza, "Namba gani? Nani amemtuma?"

Nikanyamaza. Najua ni aibu, lakini nikinyamaza hapa pia sitakuwa nimesimulia chochote. Nilitazama kalamu yangu, na karani mwenzangu akadhani mimi sijui.

Bosi alipiga simu kwa polisi wa mjini. Kituo kile kidogo hakikuwa na simu, na betri ya redio yao, tuliambiwa, ilikuwa imekufa tangu juma lililopita. Tulingoja. Mchana nilishindwa kula. Nilitoa ile faili nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Nyayo tatu. Niliweka kiganja changu juu ya moja, nikaona unyayo umekizidi pande zote. Miezi yote ile sikuwahi kuwaza kwamba juu ya unyayo kuna mtu. Wallahi, na mimi ni wa kanisa, lakini siku hiyo niliapa viapo vyote: arudi tu, Mungu wangu, arudi, nitamlipa kutoka mfukoni mwangu.

Alhamisi asubuhi redio ikasema vilevile. Hajarudi.

Nilisimama nikamwambia bosi, "Ni mimi niliyemtuma." Nikamwonyesha nakala ya barua. Aliisoma mara mbili. Hakunifokea, na hilo liliniogopesha kuliko kelele zake zote. Akasema lori la Kituo cha Mwisho limeshapakiwa, liondoke sasa, lipite kwa polisi. Akauliza, "Lina askari?"

"Halina," nikasema. "Kituo hakiko kwenye orodha."

Sijui nani aliyeniinua miguu. Nilijikuta nimepanda mbele kando ya dereva, na mkoba wangu wa ofisi mapajani, kana kwamba naenda benki. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi kuliko redio, anayejua umbeya wa kila soko. Siku hiyo alitazama barabara tu. Tulipoacha nyumba za mwisho alifungua kioo, akazima ile kaseti yake ya kwaya, akasema, "Mama, ukiona mtu barabarani sema. Ukiona kitu chochote sema." Basi. Nikawa natazama vichaka mpaka kila kichaka kikawa na kichwa.

Tulifika kwenye mto mkavu saa sita kasoro. Baiskeli ilikuwa imelala katikati ya mchanga, gurudumu la mbele limepinda. Kikapu cha mkonge kilikuwa kando yake, na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo mke wake alimfungia njiani, yamemwagika na siafu wameyajaa.

"Usishuke," dereva akasema.

Nikashuka. Nilitaka kuona damu ili nijue, na nilitaka nisione. Hakukuwa na damu. Kulikuwa na nyayo, nyingi, zimepishana. Sikuwahi kusoma mchanga maishani mwangu, mimi ni mtu wa karatasi. Lakini pale karibu na usukani wa baiskeli niliona alama ya akala ya mguu wa kushoto, na kwenye kisigino pengo la ukubwa wa kidole gumba. Nikaijua. Niliijua kama ninavyoujua mwandiko wangu. Ilikuwa kwenye faili yangu, ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu, imetobolewa vizuri na kupangwa.

"Aiya, mama, panda! Panda sasa hivi!" Dereva alikuwa anapiga kelele kwa kunong'ona. Alinishika mkono akanivuta, na huku akinivuta macho yake yalikuwa chini. "Tazama. Gambuti." Alama za gambuti zilitoka kwenye baiskeli zikaenda upande wa juu wa mto, zimeachana mbali, ncha za mbele zimezama. Mtu aliyekuwa akikimbia. Tulizifuata kwa macho mpaka zilipofika kwenye mawe, na kwenye mawe zikapotea.

"Walimfuata?" nikauliza.

"Sijui."

"Unasoma nyayo, niambie walimfuata?"

"Mama, sijui!"

Kutoka hapo mpaka kwa polisi nililia bila sauti. Nilikuwa napanga nitakavyomwambia mke wake. Nilikuwa nimeshamwona, mama mnene mwenye kicheko, aliwahi kunitumia asali. Ningemwambia nini? Kwamba nilihitaji namba?

Kituo cha polisi kilikuwa nyumba mbili za mabati na bendera. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, kulikuwa na ngamia wawili na mwanamume mwenye kofia nyeupe akiwanywesha maji kwa debe. Alituona tunavyoruka kutoka kwenye lori, akauliza, "Nyinyi ni watu ya shirika? Huyu mzee ni yenu?"

Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi ndani, amefungwa shuka miguuni. Gambuti zilikuwa zimemchuna ngozi. Midomo ilikuwa imepasuka, na mkononi alikuwa na kikombe cha maziwa ya ngamia. Yule mwenye ngamia, mfanyabiashara ambaye mwenyewe alinyang'anywa mbuzi juma lilelile, ndiye aliyemkuta alfajiri kwenye mawe, akampandisha ngamia mpaka pale. Mzee alikuwa amejificha siku mbili nzima, usiku na mchana, bila maji ila chupa moja, akiwasikia wale watu wakizungumza chini yake na kuvuta sigara.

Mzee aliponiona alijaribu kusimama. Akatoa kipande cha karatasi kwenye mfuko wa shati. "Mwaitu," akasema, "namba nimeileta."

Sasa nitaeleza nilivyofanya, maana ndivyo nilivyo. Badala ya kumshukuru Mungu, nilipandwa na hasira, ile hasira ya mama aliyemwona mtoto wake akivuka barabara mbele ya lori. Nilimfokea mbele ya polisi, mbele ya dereva, mbele ya yule mwenye ngamia. "Una wazimu? Nani alikuambia uje peke yako kwenye njia kama hii? Nani?"

Akanitazama kwa mshangao, bila ubaya wowote.

"Si barua yako, mwaitu?"

Koplo wa kituo alijitia anapanga vitabu. Mimi niliketi chini, sakafuni, nikafunika uso kwa leso.

Nilipoweza kusoma, nilisoma karatasi ile. Namba ilikuwa pale, na tarehe. Tarehe mosi. Koplo aliandika siku ambayo mzee alifika, na alifika mwezi ukiwa umekwisha jana yake, akiwa kwenye mawe. Kwa sheria yangu, namba ile ilikuwa ya orodha ya mwezi mwingine tena. Mwezi huu ulioanza leo Kituo cha Mwisho hakikuwa hatarini.

Jua lilikuwa limeshuka, dereva hakutaka kurudi kwa njia ile jioni, na watu wa Kituo cha Mwisho walikuwa wanangoja mahindi. Tukayapeleka, kwa njia nyingine inayouzunguka mto. Mzee alipakiwa katikati yetu, na alipofika, kabla ya kukaa, alikata tawi la miiba akalikokota kuzunguka stoo huku akichechemea. Nilitaka kumpokea, akakataa. "Wewe ni mgeni," akasema. Nikalala chumba cha magunia, na mke wake akalala mlangoni ili nisiogope. Niliogopa. Sikufumba jicho. Kila gunia lilipolia kwa panya nilishika mkono wa yule mama, naye akinong'ona, "Lala, mwaitu, tumezoea." Hawakuwa wamezoea. Mkono wake nao ulikuwa na jasho.

Asubuhi mzee aliniita. Kwenye mchanga laini, akala zilikuwa zimekuja kutoka upande wa vichaka. Zilifika mpaka chini ya dirisha la chumba nilicholala, zikasimama, zikageuka zikaondoka. Pengo lilikuwa pale. Kutoka hapo mpaka kwenye kichwa changu ilikuwa tofali moja tu.

Mzee alichuchumaa akatandika karatasi. Upepo ulikuwa unaipeperusha, nikapiga magoti nikamshikia pembe mbili. Akachora taratibu, kisigino kwanza. Pembe moja ikaniponyoka, mstari ukapinda, akafuta, akachora upya.

Niliporudi Migwani nilipigania jambo lile, hilo najipa. Niliandika Nairobi barua mbili, bosi akaandika moja kali. Jibu lilikuwa fupi: tarehe ni tarehe. Nami nilikuwa na kalamu. Ile karatasi ya koplo iliandikwa kwa bluu, kalamu yangu ilikuwa bluu, na kurudisha tarehe nyuma kwa siku moja si kazi ya kumshinda karani. Nilikaa nayo mezani mchana mzima. Sikuigusa. Ningependa kusema ni uaminifu, lakini ilikuwa woga, wa kufukuzwa kazi, wa ada ya shule ya watoto. Ndiyo hivyo mzee na mke wake walikaa mwezi mwingine mzima bila askari, na mimi kila saa mbili asubuhi nilisimama kando ya redio nikiwa nimeshika ukuta, mpaka nisikie sauti yake ikisema, "Kituo cha Mwisho, tuko."

Mwisho wa mwezi nilipokea bahasha yangu. Ndani, juu ya mshahara, kulikuwa na marupurupu ya hatari, usiku mmoja. Sikuomba, yalikuja yenyewe kwa ile sheria yetu ya wa ofisini. Nikatazama orodha ya malipo ya upande wote wa Kituo cha Mwisho. Kulikuwa na jina moja tu. Kwa karatasi, katika mwezi ule wote, mtu pekee aliyekuwa hatarini kule nilikuwa mimi.

Nilipanda lori lililofuata, bado bila askari kwa kuwa mwezi ulikuwa haujaisha, na bado nikiogopa. Nilimkuta mzee akishona gunia. Nikamwekea noti zile mkononi.

Alizitazama. "Natia sahihi wapi, mwaitu?"

"Hakuna sahihi. Chukua tu."

"Basi hizi si zangu." Akazikunja vizuri, akanirudishia, akanifunga vidole juu yake kama mtoto anayetumwa dukani. "Hizi ni za usiku wako. Uliogopa, tulikuona. Zangu zitakuja." Kisha akauliza kama nimekumbuka kumletea karatasi, maana za kuchorea zilikuwa zimekwisha, na asubuhi ile wamepita tena.

Nilikuwa nimesahau. Nikafungua mkoba. Karatasi pekee iliyokuwamo ilikuwa orodha ya mahali pa hatari ya mwezi mpya, Kituo cha Mwisho kikiwamo safari hii, imepigwa chapa na ina mhuri wangu. Nikampa. Mzee akaigeuza upande mweupe, akaenda nayo kwenye mchanga.